Kiraka cha Debe

Ngumbao alilishusha mkokotenini, jasho likimtona,
akauliza kama ndani mna maiti.
Lilikuwa tupu. Msaji haupungui uzito
eti kwa kuwa mwenye vitu amekwisha kufa.

Bi Mwanatumu wa Kuze alitaka ling'ae.
Mjukuu anaolewa Ijumaa ya pili,
na wakwe, alisema, wana macho ya bei.
"Litoe uzee, mwanangu. Wote."

Nikaanza na shaba, kwa sababu shaba husamehe:
ukwaju uliolowekwa usiku, chumvi kidogo,
kipande cha shuka kuukuu, na kidole gumba.
Njumu zikafumbua macho moja moja,
mia mbili na kumi. Nne hazipo.

Ngozi ilikauka kama ng'onda.
Nikailisha mafuta ya kitani kwa unyoya wa kuku,
tone kwa tone, siku tatu, bila pupa;
ngozi ukiiharakisha hukupasukia mkononi.
Siku ya nne mkanda ukakubali kuinama.

Dumuzi walikuwa wamechimba kitakoni
vichochoro vyao, vingi kuliko vya Kibokoni.
Nikawamiminia mafuta ya taa, nikaziba kwa nta,
nikapiga msasa nikifuata nyuzi za mti
mpaka harufu ikaja: pilipili manga, ubani,
na kitu cha tatu nisichokijua jina.

Kisha nikaligeuza.
Pembe ya nyuma, pale pasipotazamwa,
kiraka cha bati.
Debe la samli limekatwa, ndani limefanywa nje,
herufi za kiwanda zikitokeza kinyumenyume.
Bati juu ya shaba! Katika hewa hii ya chumvi,
ambamo hata kufuli jipya halimalizi masika mawili!
Nilitukana, tena kwa sauti.
Cherehani ya jirani ilisimama.
"Ni kipofu gani huyu aliyekupigilia misumari?"

Maana ilikwenda tatu, nafasi, tatu, nafasi,
imenyooka kama safu ya sala,
mpaka ukingo wa kushoto, ambako mmoja
ulipinda, ukalala, ukapondwa hivyo hivyo.

Tatu. Nafasi.
Nikaweka koleo chini.

Baba alikuwa fundi wa madebe, Bondeni.
Vibatari, mikebe, faneli za mafuta.
Macho yake yalipoanza kuingia ukungu
watu wakamletea vijikazi vya huruma
na kumwambia ni vya haraka.
Alihesabu kwa ncha za vidole: tatu, nafasi.
Mimi ndiye niliyemshikia taa.

Nilikuwa na miaka saba, na funga yangu ya kwanza;
uji wa futari ulinilemea tumboni.
Nakumbuka kasha kubwa, halikuwa letu,
na nyundo ikienda, ikienda,
na taa ikainama pamoja na kichwa changu.
Pigo moja likalia vingine.
Hakunigombeza. Alinyonya kidole gumba,
akangoja kidogo, akasema:
"Amka, Swafiya. Giza limezidi."

Miaka arobaini nimewafundisha vijana
kuwa fundi mbaya hujulikana kwa mgongo wa kazi yake.

Njumu nne nimezifua upya kwa shaba ya bomba.
Bawaba nimezipa mafuta, kitasa kinaitika ufunguo.
Kiraka nimekipaka nta, kisile kutu zaidi,
na ule msumari nimeupaka mara mbili.
Sikuunyoosha.

Alhamisi Bi Mwanatumu alikuja, akapitisha kiganja
kila mahali, kama anunuaye ng'ombe.
Akafunika, akafunua. Akanusa. Akaridhika.
Akazunguka nyuma.

"Na huu mbona umepinda? Si nilisema wote?"

"Huo ni wangu," nikamwambia,
na nikampunguzia shilingi mia tatu.